Mteja wa Kiti Kimoja

Karani wa mirathi aliponiambia kwamba Mama Mkubwa hakuacha mtoto, nilimuuliza kama alikuwa amekunywa chai asubuhi.

"Nimekunywa," akasema.

"Basi angalia vizuri. Mtoto ndiye huyu umemkalisha mbele yako."

Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, sauti yake ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Hakukasirika. Aliniuliza polepole: marehemu alikuzaa? Hakunizaa. Alikuasili mahakamani? Hapo nikapandwa na mori. Kuniasili kitu gani? Mama yangu mzazi alikufa nikiwa sijaota meno, dada yake mkubwa akanichukua, akaninywesha maziwa kwa chupa, akanisomesha, akanifundisha kazi, na akanifinya kila nilipostahili kufinywa. Mama mkubwa ni mama. Nani amewahi kwenda mahakamani kuandikisha kwamba jua ni jua?

"Kuzaa si kazi, mama," nikamwambia. "Kazi kulea."

"Ni kweli kabisa," akasema. "Lakini sheria inamtazama aliyezaa."

Nilibaki mdomo wazi. Wanaonijua watakwambia kwamba mdomo wangu ukiwa wazi na hakuna sauti inayotoka, ujue kuna jambo.

Mimi ni fundi makochi. Wateja wananiita Shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, kwa sababu ya ulimi wangu. Kazi yetu unaibana misumari midogo kwa midomo, unaitoa mmoja mmoja ukigongelea kitambaa, na Seremala anayetutengenezea fremu husema huo ndio wakati pekee mtaa unapopumzika. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, na katikati kuna mlango mmoja ambao haujawahi kufungwa kwa ufunguo. Nimekulia kwenye vumbi la sponji na harufu ya gundi. Mama Mkubwa alikata vitambaa, mimi nikavuta na kugongelea, na jioni tulikalia makochi ya watu kabla hayajachukuliwa, tukijifanya matajiri.

Alianguka hapohapo karakanani, nyundo mkononi. Wosia hakuandika. Nilipomtajia habari hizo zamani alinicheka: "Wosia ni wa wenye mashamba. Mimi nina nyundo, na nyundo unajua iliko."

Kumbe nyundo ina ndugu. Mjomba, kitinda mimba wao, alilia msibani kuliko sisi sote, mpaka watu wakamshika mabega. Viti vya kukodi vilikuwa havijarudishwa alipomleta bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, wakaupima ukuta wa karakana kwa hatua kubwa kubwa. Bwana yule alitaka kujenga duka. Nilipomuuliza Mjomba kulikoni, akanipiga bega. "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," akasema. Mzaliwa naye ni yeye. Mimi, kwa hesabu yake, nilikuwa mla naye.

Ndiyo maana nilikimbilia kwa karani, na ndiyo maana jibu lake lilinikata maini. Lakini hakuwa amemaliza.

"Tuliza moyo nikueleze," akasema. "Mirathi isiyo na wosia ni ngazi. Kidato cha juu wapo watoto na mume. Marehemu hakuzaa, na mume alimtangulia. Kinachofuata ni wazazi, nao walishafariki. Kisha ndugu wa kuzaliwa. Hapo wapo wawili, mjomba wako na mama yako."

"Mama yangu amekufa."

"Basi unapanda wewe. Ndugu akifa kabla ya marehemu, mtoto wake anasimama mahali pake. Nusu ya mjomba wako, nusu yako, na bila saini yako nyumba haiuzwi."

Nilitaka kumbusu.

"Lakini ujue unapata kwa nini," akaongeza. "Hupati kwa kulelewa. Unapata kwa sababu mama yako alikufa. Angekuwa hai, angekizuia kidato, na wewe usingegusa hata msumari."

Kwa mara ya kwanza maishani nikaona faida ya kifo cha mama yangu, na nikajichukia hapohapo. Sikumjua. Nilichokuwa nacho ni jina lake na huruma za watu. Shuleni nilililiwa kila siku ya wazazi na walimu waliotaka kunikumbatia. Mama yako yuko wapi? Amekufa. Nimelijibu swali hilo mara nyingi mpaka likawa kama kuulizwa saa ngapi.

Cheti cha kifo hakikuwepo. Karani akasema hilo si geni kwa vifo vya zamani, nilete watu wazima wawili waliokaa kwenye msiba wake. Hao ninao. Seremala alikuwepo, na jirani yetu msusi alikuwepo, tena aliosha vyombo.

Siku ya kikao tulifika mapema. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chembamba, meza ya karani mbele, benchi ukutani, feni ya mezani inayogeuka huku na huku ikipeperusha karatasi. Seremala alivaa koti la harusi yake, linalombana kwapani, akakaa ameinua mikono kidogo kama kuku anayetaka kuruka. Msusi akaja na uzi wake, akawa anasokota. Mimi moyo ulikuwa umetulia. Nilishaanza kuwaza rangi nitakayoipaka karakana.

Mjomba akaingia, na nyuma yake akaingia Mama Kiti.

Hapa lazima nieleze Mama Kiti ni nani. Ni mteja. Ana kiti kimoja cha mikono, cha mbao nzito, na kila mwaka au miaka miwili anakileta kibadilishwe kitambaa. Tangu niko msichana. Kitambaa kinakuwa kizima, sponji nzima, mikanda ya chini imebana barabara, lakini anataka kibadilishwe. Rangi gani, mama? "Chagua wewe, unayoipenda." Kisha anakaa kwenye stuli ndogo ananitazama nikifanya kazi, tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho, hana haraka wala hana hadithi. Mama Mkubwa akimwona tu huweka mkasi chini. "Mhudumie wewe," ananiambia, na kuingia ndani. Nilidhani hampendi kwa sababu ni msumbufu.

Siku moja alinichosha. Nilikuwa na kazi imenijaa, na yeye yuko hapo anatazama vidole vyangu. Nikatema misumari nikamwambia, "Hivi wewe mama, huna watoto nyumbani wa kukaa nao?"

"Ninaye mmoja," akajibu. "Ana shughuli."

Nilimsimulia Mama Mkubwa jioni nikicheka. Mtoto gani huyo, shughuli haziishi? Mama Mkubwa hakucheka. Aliniambia nikaoge.

Basi nilipomwona mlangoni na viatu vipya vinavyombana, nilidhani amefuata kiti chake, maana alikileta wiki moja kabla ya msiba.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Kiti chako kipo, nisamehe tu. Unajua tumefiwa."

"Marahaba," akasema kwa sauti ndogo, na hakunitazama.

Mjomba akapiga kofi moja la furaha. "Ala! Mnafahamiana! Basi kazi imekuwa nyepesi." Akamsogezea kiti, akasimama nyuma yake kama mpiga picha. "Karani, andika. Huyu ndiye dada yangu wa katikati. Mama mzazi wa huyu Shazia. Yuko hai, anapumua, na leo asubuhi amekunywa chai nyumbani kwangu."

Sikuelewa. Nakuapia, maneno niliyasikia moja moja na sikuelewa. Feni iligeuka ikaenda ukutani ikarudi.

"Toba!" Seremala akaruka, koti likachanika kwapani. "Mimi nilimlilia huyu bila kumjua hata sura! Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi!"

"Ulilia kwa sababu uliambiwa ulie," Mjomba akasema. "Dada aliondoka na mume wa mtu, akamwacha mtoto kitandani. Baba akasema kwake huyo amekufa. Tukapanga viti uani, watu wakaja, tukapokea pole. Ilikuwa aibu ya nyumba, tukaifunika. Miaka mitatu minne baadaye akarudi kuomba msamaha. Baba akamfukuzia barabarani. Dada mkubwa akamwambia mtoto ameshalia yakaisha."

 Nilimgeukia msusi, naye uzi ulikuwa umemwanguka. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie ni mzaha. Mama Mkubwa alijua? Yule aliyenishika mkono makaburini, akanionyesha nyasi, akasema mama yako amelala huku, tumuombee? Aliomba kwa sauti! Nilimkasirikia marehemu pale pale, nikatamani afufuke nimgombeze, kisha afe tena kama anataka.

Mjomba hakuwa na muda wa machozi ya mtu. Alitoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja. "Na hapa dada ameniachia fungu lake lote. Dole gumba lake hili. Kwa hiyo nusu yangu, na nusu yake yangu. Shazia ni mpwa tu. Tutampa muda wa kufungasha."

Ndiyo hivyo. Mama akiwa mfu, nilikuwa na nyumba, nyundo na kazi. Mama akiwa hai, sina hata stuli.

Karani alivaa miwani yake. Alimtazama Mama Kiti, akamuuliza kwa ile sauti yake ya kulaza mtoto, "Mama, wewe ni nani kwa marehemu?"

Mama Kiti alinyoosha mgongo.

"Mteja," akasema.

"Nini?" Mjomba akaruka.

"Mimi ni mteja wao. Nina kiti kwao, kila mtu pale ananijua. Huyu bwana alinifuata akasema nije niseme mimi ni dada yake, atanipa viatu. Viatu nimevaa, kweli. Lakini kusema uongo mbele ya serikali siwezi. Huyo dada yenu alishakufa, nami nasikia hivyohivyo kama nyinyi."

"Dada!"

"Usiniite dada, mwanangu. Mimi sina kaka."

Mjomba aliwaka. Jasho lilimtoka, akasahau heshima, akapiga meza. "Kovu! Ana kovu kisigino cha kulia, alikanyaga chupa tukiwa watoto, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa! Avue kiatu!"

"Hapa si kwa fundi viatu," karani akasema.

"Dole gumba basi! Linganisheni dole gumba!"

"Dole gumba litaonyesha kwamba aliweka dole gumba, bwana. Haliwezi kunionyesha ni mtoto wa nani. Kitambulisho chake kiko wapi?"

"Kimepotea," Mama Kiti akasema haraka. "Kilipotea zamani."

Wote walikuwa wanatazamana juu. Mimi, kwa kazi yangu, nimezoea kutazama chini, kwenye miguu ya viti. Nikaona kiatu cha kulia kikirudi nyuma taratibu, kikajificha chini ya kiti, na mguu wa kushoto ukaja mbele kukikinga.

 Nikakumbuka "Mhudumie wewe," na mlango wa kati ukirudishwa. Nikakumbuka stuli ndogo. Vitambaa vyote vile vizima nilivyong'oa, nikimsonya kimoyomoyo kwa ubadhirifu wake. Kijani, kahawia, buluu ya mistari. Chagua wewe, unayoipenda. Loo, mimi mjinga! Amekuja kunitazama mikono maisha yangu yote, nami namuuliza kama hana watoto.

Karani alivua miwani. "Sasa sikilizeni. Bwana anasema dada yake yuko hai, na hana cha kuonyesha. Mashahidi wawili wanasema walikaa msiba wake. Huyu mama mwenyewe anakana. Imebaki neno la mtoto." Akanigeukia. "Shazia, niambie niandike. Mama yako yuko hai au amekufa?"

Swali lilelile. La shuleni, la hospitali, la kila fomu niliyowahi kujaza. Jibu lake liko kwenye ulimi wangu tangu nijue kusema, halihitaji hata pumzi. Nikitamka neno hilo tu, Mjomba na bwana wake wa viatu vya kung'aa watarudi walikotoka. Seremala alinikanyaga mguu. Msusi akaniambia kwa macho, sema. Na Mama Kiti naye alininyanyulia uso kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaniitikia kwa kichwa kidogo, kama unavyomhimiza mtoto anayejifunza kutembea. Alitaka niseme. Alikuwa amekuja kwa ajili hiyo. Alivaa viatu vya Mjomba vikambana, akanywa chai yake, ili aje afe tena mbele ya karani, nami nibaki na nyumba.

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nilifungua mdomo niseme amekufa, nikamwona yuko pale, mikono magotini, anasubiri nimzike.

"Mama Kiti," nikasema. "Yule mtoto wako."

Kichwa chake kikatulia.

"Uliniambia unaye mmoja, ana shughuli. Leo hana shughuli. Amekaa hapa."

Alijaribu kushika uso wake usivunjike. Akauma mdomo, akatazama feni, akatazama ukuta. Kisha bega moja likaanza kutikisika, likafuata la pili, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Andika yuko hai," nikamwambia karani.

"Shazia, unajua unachofanya? Nikiandika, wewe huna fungu."

"Andika kabla sijapata akili."

Aliandika. Mjomba alishusha pumzi ndefu, akajifuta jasho, na nadhani hata yeye aliona haya kidogo, maana hakucheka. Seremala alikuwa anaapa chinichini. Mama yangu, maana sasa lazima nimwite hivyo na mdomo unakataa kuzoea, alinyanyuka, akanijia, akanifinya mkono juu ya kiwiko. Akafinya kweli, kwa kucha, palepale alipokuwa akifinya Mama Mkubwa.

"Mjinga wewe!" akasema huku analia. "Mjinga mkubwa! Nilikuwa nimeshakufa, mambo yamekwisha. Umejifukuza nyumbani kwako kwa sababu gani?"

"Wewe dole gumba uliweka kwa sababu gani?"

"Aliniambia ni karatasi ya rambirambi! Mpaka aliponiambia nije huku ndipo nikajua."

Karani aliinua kichwa akasema kwamba hilo la kudanganywa ni shauri jingine, tulifungue, ila tusitegemee kuliona mwisho upesi. Tumelifungua. Linatambaa huko mahakamani, na bwana wa viatu vya kung'aa hakusubiri, ameshaezua paa.

Siku ya kuondoka Mjomba alisimama mlangoni akitazama kila kinachotoka. Cherehani akasema ni ya marehemu, iache. Mkasi wa marehemu. Nyundo niliishika, akasema nayo ni ya marehemu, nikaiweka chini mwenyewe kabla sijaitumia kwa kazi isiyo yake. Nilivyokulia navyo vyote vilibaki mle ndani, na mlango wa kati ukafungwa kwa ufunguo siku ile kwa mara ya kwanza.

Kitu kimoja tu hakuweza kukigusa. Kilikuwa kwenye kona, kitambaa kimeng'olewa nusu, mali ya mteja. Nilikibeba kichwani nikamfuata mwenye nacho hadi chumba anachopanga. Chumba kina kitanda, jiko, na nafasi tupu dirishani yenye alama nne sakafuni. Nikakiweka juu ya alama zake, nikaazima nyundo kwa jirani, nikabana misumari mdomoni.

"Rangi gani?" nikamuuliza kwa pembe ya mdomo.

"Chagua wewe," akasema, akatafuta pa kukaa.

Kiti kile siku moja kitakuwa changu, kwa kidato cha kwanza kabisa cha ngazi, na hakuna mjomba atakayenizuia. Nimemwambia mwenye nacho asiwe na haraka.